Kidonge cha Shingo ya Dada

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mashewa hatujambo. Babu yako anapalilia mahindi na kugombana na nyani.

Umeniuliza kutoka huko chuoni kwenu kwa nini nasita kuingia kwenye majaribio ya walimu wako ya dawa mpya ya kushusha lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, dawa inayoiga homoni ya tezi ya shingo ili ini liyapunguze.

Nikiwa msichana, marehemu dada yangu alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, akapewa vidonge vya homoni hiyo. Nikamwona amechangamka, nikawa namwibia. Nililima kama watu watatu, mama akanisifu mbele ya majirani. Halafu siku moja moyo ukanienda mbio, mikono ikashindwa kushika kikombe. Dada hakunigombeza. Aliniwekea kiganja kifuani mpaka nikatulia, akasema, “Mdogo wangu, hivi vilipimwa kwa shingo yangu.”

Basi sikatai. Waulize walimu wako: dawa hiyo ikishafika kwenye ini, moyo wangu itauacha salama? Wakikujibu, usinipigie simu. Njoo mwenyewe, uniwekee kiganja kifuani, ndipo nitameza.

Bibi yako