Fremu Tupu ya Bi Somoe

Mzee Mfaume,

Picha yako haikutoka. Naanza na hilo kwa sababu nimelificha tangu tulipokuzika, na kila nikitaka kumwambia mtu aliye hai, nageuza mazungumzo.

Mkeo ameshaniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia mashine ya kuchapia huku Ruangwa imeisha wino. Mara ya pili, umeme. Kwenye arobaini yako Bi Somoe aliniita kando, akanionyesha fremu aliyonunua sokoni. Ameshaitundika ukutani, tupu, na kioo amekifuta. Nikasema wiki ijayo, Mama. Wiki hiyo imepita.

Unakumbuka siku niliyoingia studio kwako, karani wa masijala kutoka Singida, na kamera ya dijitali iliyotumika, niliyouziwa bila lenzi? Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema nimenunua ng'ombe asiye na kichwa. Kisha ukashusha kopo la maziwa ya unga, ukachakura ndani ya mchele mkavu, ukatoa lenzi yako ya zamani, ya chuma, uliyoiweka humo isiote kuvu. Tulingoja pete ya kuiunganishia ije na basi kutoka Dar es Salaam. Ilipofika, kamera haikuitambua lenzi. Ilibidi nilenge kwa mkono, nizungushe polepole mpaka picha itulie.

"Tafuta jicho," ulisema. "Jicho likikaa, mengine yatajipanga."

Nikakuuliza, na nikikosea je? Ukasema, "Hofu unayo ya kutosha. Sasa angalia."

Jumapili ile ya ugonjwa wako ulikuwa umekaa kitandani, shati jeupe, mabega yamebaki mifupa. Ulisema umepiga picha Nachingwea nzima, harusi, maulidi, watoto wa shule, na wewe mwenyewe huna hata ya pasipoti. Nikainua kamera. Macho yako yakanitazama kupitia lenzi yako mwenyewe, Mzee, nikaona kwamba unajua unaondoka. Sikuweza kukaa hapo. Nikateremka hadi kwenye kifungo cha shati, kile alichokishona Bi Somoe kwa uzi mweusi, ukamtania kwamba macho yake yamezeeka kuliko yako. Nikalenga hapo. Nilijiambia kifuani na usoni si mbali. Nilipiga tatu, na kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera zote zilionekana nzuri.

"Imetoka?"

"Imetoka, Mzee."

Ukafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilipozifungua kwenye kompyuta ya ofisini ulikuwa umeshafariki. Nyuzi za kifungo zinahesabika. Uso wako ni ukungu. Ulishaniambia kwamba lenzi ile, ukilifungua tundu lake lote kwa sababu ya giza la chumbani, haisamehe hata upana wa vidole vinne mbele au nyuma ya pale ulipolenga. Nilisikia. Niliandika hata kwenye daftari.

Tangu ufe nafanya mazoezi kila Jumamosi. Nandagala nimewapiga picha wakulima wakianika korosho, watu nisiowajua, na macho yao yanatoka safi, hadi kope. Wananisifu. Nikifika nyumbani nazitazama mara moja, nazifunga. Ningeweza sasa, na sina wa kumpiga.

Jumamosi hii sitakwenda Nandagala. Nitakuja Nachingwea, nimpe Bi Somoe picha kama ilivyo. Sitasingizia lenzi, wala wino, wala umeme. Sijui kama ataitia kwenye fremu au atanifukuza, na lolote kati ya hayo halitakurudishia uso wako. Lakini atauliza kwa nini, na nikimjibu nitamtazama machoni. Hilo nakuahidi.

Lenzi nimeirudisha kwenye mchele. Pumzika, Mzee wangu.

Elia