Chumba cha Nyuma kwa Mzee Wendelini

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Siku ya Marehemu Wote. Nimempeleka Mama Maposeni kupalilia makaburi ya wazazi wake. Yaani nimepalilia mimi, yeye kakaa kwenye kigoda anaelekeza — hapo umeacha, na hapo pia. Macho yake siku hizi hayaoni zaidi ya mwanga na giza, lakini magugu anayaona!

Kurudi tukapita kwa Mzee Wendelini kusalimia. Anahama. Binti yake amewaita yeye na mkewe waende Makambako wakatunzwe huko. Nyumba anauza. Kuna mfanyabiashara wa mahindi anaitaka iwe ghala, ila roho ya mzee haitaki. Makaburi ya wazazi wake yako palepale mbele ya baraza, na mwenye ghala hatayajali. Angependa nyumba imfikie mtu wa hapahapa. Alisema hivyo akimtazama Mama.

Mama akaomba azungushwe ndani. Matofali ya kuchoma, bati, vyumba vinne, na kimoja cha nyuma kilichoongezwa baadaye. Hicho cha nyuma kina dirisha la mashariki, jua la asubuhi linaingia lote. Mama akasimama katikati, halafu akasogea, akaweka kiganja ukutani. Akakaa hivyo. Kisha: hapa ninauona mwanga, Anjelika. Nitafia hapa.

Hakusema naomba. Ndiye Mama huyo.

Nyumba hii ya kazini natakiwa niirudishe mwisho wa mwaka. Kiinua mgongo changu kinatosha nyumba moja tu. Nikikosea, ndiyo basi, mimi na Mama tutazeekea kwenye vyumba vya kupanga. Nimestaafu uuguzi, uchovu haujanistaafu mimi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempigia simu Injinia Majidi, yule kijana wa Tunduru aliyesimamia ukarabati wa wodi yetu. Nimemwambia nataka nyumba ikaguliwe yote, msingi mpaka paa, kabla sijatoa neno. Akauliza: nyumba ya kijijini, mama? Ndiyo, ya kijijini.

Kaka Otto kapiga kutoka Mbinga, kacheka mpaka akakohoa. Eti unaipima nyumba kama daraja la serikali! Watu wanatazama bati, wanagonga ukuta, wanalipa. Nikamwambia miaka yote sijaruhusu mgonjwa aingie chumba cha upasuaji bila vipimo, na wale walikuwa wanatoka siku hiyohiyo. Mama anaingia humo moja kwa moja. Hapo akaacha kucheka. Ila kuchangia nauli ya injinia hakuchangia.

Jioni akaja Careen, muuguzi mpya atakayepewa nyumba hii. Shikamoo mama, samahani mama, naomba nipime madirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamshikia utepe upande mmoja! Binti hana kosa. Lakini niliumia. Nimesimama ndani ya nyumba yangu namsaidia mtu kunitoa.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijui nicheke au nilie.

Tumefika Maposeni saa nne, mimi na injinia, na begi lake la vifaa. Nyumba inang'aa! Mama Suzana, mke wa mzee, alisikia kuna mgeni msomi anakuja kutoka mjini. Basi amekusanya wanawake wenzake wa jumuiya, wameisiriba nyumba nzima. Udongo mpya kila ukuta, ndani na nje, juu yake chokaa. Hakuna ufa hata mmoja unaoonekana. Hata banda la kuku wamelisiriba. Mama Suzana kasimama mlangoni, mikono bado ina chokaa kwenye kucha, anatabasamu anasubiri asifiwe.

Nikamtazama Majidi. Uso umemshuka. Akaninong'oneza: mama, hawa wamemvika mgonjwa suti.

Hakukuwa na hila, naapa. Mgeni akija nyumba inasafishwa, ndivyo tulivyolelewa, hata mimi ningefanya hivyo. Na kuku je? Mama Suzana aliposikia jina la mgeni ni Majidi, alimpeleka jogoo kwa jirani Mwislamu akachinjwe. Utamgombeza mtu wa namna hiyo uanzie wapi? Tukasifia. Tukala wali.

Kazi ilifanyika hivyohivyo. Majidi alipanda darini na taa yake ya kichwani, akatoka mweupe kwa vumbi: kenchi za paa ni nzima, mbao ngumu za zamani, alhamdulillah. Akachoma miimo ya milango kwa bisibisi, mmoja una mchwa. Akachimba kidogo pembeni ya msingi wa mbele, mawe mazuri. Akaweka pima maji sakafuni chumba cha nyuma. Hapo akarudia. Akairudia tena. Kisha akasema kuhusu kuta hana la kusema leo, udongo ukauke kwanza. Ufa ulio hai utarudi wenyewe. Ufa uliokufa utabaki umezikwa, na huo hauna shida.

Mzee Wendelini alikuwa anasikiliza. Hakukasirika waziwazi. Alisema tu, nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, nimelea watoto humu, haijawahi kumwangukia mtu. Halafu akaenda kukaa karibu na makaburi, peke yake. Nilijisikia vibaya sana.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama haongei na mimi. Anaongea na redio.

Kasema neno moja tu wakati wa chakula: umemdhalilisha Wendelini. Tulipata Komunyo ya Kwanza siku moja, mimi na yeye. Nikamwambia nataka usiangukiwe na ukuta. Akasema, mimi ni wa kuangukiwa na nini tena?

Dagaa wa Nyasa na ugali. Sikumaliza.

Jumamosi, 23 Novemba

Ufa umerudi.

Vyumba vya mbele safi, udongo umekauka vizuri. Tumefungua mlango wa chumba cha nyuma — huo hapo. Umeanzia kona ya dirisha, umeshuka kwa mshazari mpaka sakafuni. Mwembamba, lakini umeipasua chokaa ya Mama Suzana waziwazi. Mama Suzana akaufunika kwa kiganja, kama mtu anayeficha doa kwenye gauni. Maskini.

Majidi hakuutazama sana. Akamgeukia mzee, akauliza kwa adabu: baba, samahani, matofali ya nyumba hii mlifyatulia wapi?

Mzee akatazama nje. Halafu akasema: hapohapo.

Hapohapo wapi, baba?

Hapo uliposimama, mwanangu.

Ikabidi aeleze. Udongo wa matofali ya nyumba kubwa waliuchimba nyuma ya nyumba, kama kila mtu hapa anavyofanya, huwezi kusomba udongo kutoka mbali. Likabaki shimo. Wakawa wanatupa majivu, pumba, vigae, mpaka likajaa. Watoto walicheza juu yake. Miaka ikapita, binti zake wakakua, hawawezi tena kulala chumba kimoja na kaka zao. Chumba lazima kiongezwe. Mzee akasema: mbele baba na mama wamelala, ningejenga juu ya vifua vyao? Kushoto mpaka wa jirani. Kulia njia ya watu kwenda kisimani. Kulikobaki ni shimoni. Nikashindilia kwa siku nyingi. Nilifikiri nimeshindilia vya kutosha.

Nilitamani nisingemleta Majidi kabisa. Kwa nini nilitaka kujua?

Majidi alikuwa mpole, nampa hilo. Alisema wengi wamefanya hivyo hivyo, hata kwao Nalasi. Akakwangua udongo mpaka akalifikia tofali, akakata kioo cha dirisha bovu kuwa vipande vyembamba, akavigandisha kwa saruji juu ya ufa, kimoja juu, kimoja chini. Kioo hakinyumbuki. Mvua kubwa zikianza na vioo vikabaki vizima, chumba kimeshatulia, nunua. Kikivunjika hata kimoja, chumba kinazama bado, na kikizama kitauvuta ukuta wa katikati na paa lote. Hapo usinunue, mama, na usinipigie simu kuniuliza mara ya pili.

Mama alikuwa barazani muda wote. Nilimweleza habari ya vioo njiani, kila kitu, sikumficha. Akauliza: mvua lini? Nikasema anajua Mungu.

Jumamosi, 30 Novemba

Hakuna mvua. Joto, mawingu yanapita juu yanaelekea kwa wengine. Sijawahi kuiogopa mvua na kuiomba kwa wakati mmoja. Inachosha!

Mama Suzana kapiga simu. Wanafunga mizigo, kazi ni nyingi, anaomba Mama akakae naye siku chache amsindikize kwa maneno. Mama alikuwa ameshavaa viatu kabla sijakata simu. Nimempeleka. Nimesema chumba cha mbele, mama, umenisikia? Akasema amenisikia.

Yule wa ghala amepita tena pale. Mzee amemwambia asubiri jibu letu mpaka Jumamosi. Zaidi ya hapo hawezi, safari yao iko karibu na hawezi kuiacha nyumba tupu. Ana haki. Ametuvumilia mno.

Nyumba hapa kimya. Nimekunja mapazia yangu. Nilidhani nitafurahia kulala bila kuitwa usiku nimpeleke Mama msalani. Nimeamka nikimsikiliza hata hivyo.

Jumatano, 4 Desemba

Bila shaka! Amehamia chumba cha nyuma. Mama Suzana anasema walimkatalia, akabeba mto mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka akafika. Nikaomba nipewe simu niongee naye. Nikapandisha sauti, najuta. Nikamwambia ule ukuta unaweza kuua mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: asubuhi nimeliona jua, Anjelika. Jekundu. Nina miaka sijaona rangi.

Nimekata simu, nimekaa kitandani na sare zangu za zamani ambazo sijui nizipeleke wapi. Nimelia kidogo. Imesaidia kidogo.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika nikiwa Maposeni, chumba cha nyuma, daftari liko magotini. Mvua imeanza baada ya chakula cha mchana. Siyo ya kuchezea, bati linapiga kelele mpaka maneno hayasikiki vizuri.

Majidi yuko Namtumbo kikazi. Nilimpigia asubuhi nikimbembeleza aje. Kasema vioo havihitaji injinia, mama, una macho. Kweli. Basi nimekaa navyo uso kwa uso. Vizima vyote viwili. Nimevifuta vumbi ili nisije nikajidanganya.

Mizigo ya wazee iko sebuleni, imefungwa kwa kamba. Mzee Wendelini yuko barazani na chai, anatazama makaburi yake yakilowa. Hajaniharakisha. Kasema tu: mwanangu, ukiwa tayari.

Mama kalala kitandani, kaelekea ukutani, kiganja chake kiko juu ya chokaa. Nimemwambia tukivute kitanda kidogo huku. Hataki. Nje naona maji yamesimama palepale nyuma ya dirisha, hayatembei, yananyonywa na ardhi taratibu. Kwingine kote uani yanatiririka.

Mvua imepungua kidogo. Vioo vizima. Moyo umeanza kunitulia, nasema ukweli. Nimeanza hata kufikiria mapazia yangu yatatosha dirisha hili. Kwa kweli nataka chumba hiki. Sikuwa nimejiambia hivyo mpaka leo. Nimechoka, nataka kufika mahali.

Kimelia.

Tak! Kidogo tu. Cha chini. Kina mstari katikati, mwembamba kama unywele. Nimepitisha kidole, nimejikata.

Mama kauliza: kimelia nini? Nikasema bati, mama, linapoa.

Kisha, bila kugeuka: bati liko juu. Hiki kimelia hapa, chini ya mkono wangu.

Miaka yote ya kazi nimewaambia watu habari zao mbaya nikiwatazama machoni. Leo huyu hana hata macho ya kunitazama nayo, na nimeshindwa.

Baadaye akasema, polepole: mwache Wendelini amalize chai yake kwanza, ndipo umwambie.

Tumekaa. Damu ya kidole imechafua ukurasa huu. Maji bado yamesimama pale nje. Sasa nasikia kikombe kimewekwa chini barazani, na kiti kimesogezwa. Mzee anaita: Anjelika, chai imekwisha. Basi tusemeje, mwanangu?

Mama hajatoa mkono ukutani.