Kilichokuwa Chini ya Gundi Nyeusi

Chumba cha mbele,
Nyumbani.
Jumapili, 15 Machi

Mpendwa mdogo wangu Bingwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Wifi hajambo, na mwanenu ameshaanza kutembea au bado anashikilia viti? Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri nikikaa sana kwenye meza ya kazi. Mama anaendelea vizuri. Natanguliza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Shangazi amehamishia cherehani yake humu ninamofanyia kazi, kwa hiyo siku hizi sindano nazikuta mpaka kwenye droo ya nyaya. Tunagombana, tunacheka, maisha yanaenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi mchana Mama alikuwa amejilaza na mashine yake ya kupumulia, umeme umerudi baada ya kukatika asubuhi nzima. Lile sanduku la betri la kuiendesha umeme ukikatika, ulilomtengenezea kwa mkono wako ulipokuja likizo lilikuwa linachaji chini ya kitanda. Niliingia kumpa maji, nikasikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Nikainama. Sanduku lilikuwa limetuna kama shavu lenye jino bovu, tena la moto kiasi kwamba nililivuta kwa taulo. Nikakimbia nalo hadi uani, nikalitupa mchangani. Niliporudi, Mama ananiuliza kwa nini namwibia betri yake.

Bingwa, nilimpa maji yake, nikarudi uani kulilinda.

Lilipopoa nililifungua. Ulinikataza kuigusa ile gundi nyeusi unayomwagia bodi zote za chaja, hata hizo unazonitumia niunganishe seli, zile betri ndogo ndogo za ndani, hapa. Ulisema inazuia unyevu, nami nikakutii kama mjinga. Safari hii niliikwangua yote kwa kisu.

Hebu nikukumbushe tulichofundishwa na marehemu Baba kwenye meza hii hii, maana naona umbali umekusahaulisha. Chaja ya betri za lithiamu haimwagi umeme ovyo. Ile chipu inayoiongoza huanza kwa kuangalia betri imeishiwa kiasi gani. Ikiikuta hoi, huinywesha kidogo kidogo. Ikishapata nguvu, huipa umeme mwingi wa kiwango kimoja mpaka kila seli ifike volti nne na nukta mbili. Hapo huzishikilia volti hizo hizo, umeme unaoingia unapungua wenyewe, na ukibaki mdogo sana chipu inakata. Na muda wote huo inauliza: betri ina joto gani? Anayejibu ni kihisi joto, kile kipunje chenye nyaya mbili kinachobandikwa kwenye seli. Joto likipanda, ukinzani wake wa umeme unashuka, chipu inaelewa na kusimamisha kazi. Baba alikuwa akisema, "Hicho msikiguse, hicho ndicho pua ya chaja."

Nilikitafuta, hakipo. Mahali pake umechomea rizista ya kawaida, kikinza umeme cha kilo-omu kumi ambacho hakijali joto wala baridi. Chipu ikiuliza, kila mara inajibiwa kwamba hali ni shwari. Hata betri ingekuwa inawaka moto, ingejibiwa hivyo hivyo.

Na usiniambie ilitoka hivyo kiwandani. Miguu ya ile rizista imezungushiwa waya mara mbili, kisha ncha ikakunjwa ndani kabla ya kutiwa risasi ya kuchomelea. Hakuna kiwanda kinachopoteza muda namna hiyo. Hilo ni fundo la Baba. Tunaolifunga tumebaki wawili, na mimi sikulifunga.

Najua kwa nini ulifanya. Wateja walilalamika kwamba mchana wa joto chaja inakata kabla betri haijajaa. Walinilalamikia na mimi pia. Mimi niliwaambia wasubiri ipoe, wewe ukaona uidanganye chaja ili wao wanyamaze.

Lakini lililonikata maini si hilo. Yule mkunga wa zahanati aliporudisha sanduku tulilomuuzia akisema linamuunguza mkono, nilikupigia simu. Ukanijibu, "Dada, labda umeziunganisha seli vibaya. Macho yako siku hizi si yale." Nikakuamini! Nilikwenda hadi zahanati, nikamwomba radhi mkunga mbele ya wagonjwa wake, kwa kosa ulilojua ni lako. Ulinisikia nikijilaumu kwenye simu, ukaniambia nipumzike. Mimi niliyekubeba mgongoni. Njia za mkato ningekusamehe, wewe hukuanza leo. Huko kuniacha nijilaumu ndiko sijui nikufanyeje.

Masanduku yote yaliyopita mikononi mwangu nimeyakusanya tena, nang'oa rizista zako na kuweka vihisi. Yaliyobaki ni yale uliyowauzia watu mwenyewe, huku na huko. Mimi siwajui, wewe unawajua. Wapigie, waambie wachomoe leo hii, hata kabla hujanijibu barua. Ukiona aibu, waambie mimi ndiye niliyekosea. Nimeshazoea.

Mama hajui. Nilimwambia tu kwamba sanduku limeharibika, nikamtengenezea jingine, akalipokea kwa shingo upande. "Hili ni la kushikizia," anasema, "mwanangu ataniletea lake." Simu ikilia anauliza kama ni wewe. Siku akiniuliza liliharibikaje, sitamdanganya kwa ajili yako. Mpigie wewe kwanza, umwambie kwa sauti yako ni nini ulichoweka chini ya kitanda chake.

Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto. Shangazi anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Mungu akulinde huko, na awalinde wote wanaolala karibu na masanduku yako mpaka uwafikie.

Akupendaye bado, asiyekuamini tena,

Dada yako.