Kikohozi cha Ardith

Delmer, hutaamini. Redioni wamefungua simu wasikilizaji waitolee maoni albamu yetu ya muziki wa bluegrass.

Banjo yangu wameisifu. Fidla wameisifu.

Halafu mama mmoja wa mji wa Hazard akasema, "Wazee wanapiga, jamani! Ila wimbo wa mwisho kuna mtu anakohoa. Aibu gani hii? Hawakumsikia?"

Tulimsikia! Ni mke wangu Ardith akiimba, wiki tatu kabla hatujamzika.

"Aibu", Delmer. Aibu!

Sasa Clovis wa fidla anasema, "Mzee, tuurekodi upya, aimbe mwingine." Unajua sisi sote huzunguka maikrofoni moja, sauti zote zinanaswa pamoja. Kikohozi hakitoki mpaka Ardith mwenyewe atoke.

Nimemjibu, "Rekodini. Tafuteni na mpiga banjo."