Kikombe cha Spesioza

Lukole, Jumatano

Nimerudi kutoka darasa la ufinyanzi na kichefuchefu hakijaisha, wala si cha chakula.

Leo tulifinyanga sura za watu. Mwalimu alitupanga wawili wawili, kila mmoja amtazame mwenzake. Jirani yangu Restuta alimng'ang'ania Spesioza, yule mkimbizi kutoka Burundi, Mtwa wa jamii ya wafinyanzi, kwa sababu hakuna anayemfikia kwa ufundi wa mkono. Na kweli, ilitoka sura ya Restuta mwenyewe, mpaka kovu la kidevuni. Akaitembeza darasa zima akiringa.

Halafu tukashikwa na kiu. Maji yapo kwenye mtungi, na mtungi aliufinyanga Spesioza huyo huyo. Kikombe kikazunguka. Spesioza aliponyoosha mkono, Restuta akakivuta.

"Sisi na Watwa hatuchangii kikombe," akasema, kama anayetaja bei ya chumvi. "Ni desturi."

Desturi. Vidole vile vimemfinyanga midomo, lakini kikombe hapana. Mwalimu akajifanya anakanda udongo.

Nikamuuliza Restuta, "Mbona maji ya mtungi wake unakunywa?"

"Usiniletee usomi wako hapa."

Na kesho nitamsalimia kisimani, maana ni jirani. Hilo nalo linanichefua.

Spesioza alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kikombe kidogo cha udongo, ukingo umelainika kwa miaka ya kunywewa. Akakikinga mbali na mtungi, mtungi wake mwenyewe, akangoja kumiminiwa.