Treni ya Mbao Haikuondoka

Ohio, tarehe 9 Juni

Kaka yangu Dwight,

Huku tu wazima, ila mvua imeniharibia nyanya zote. Bustani yetu ya michezo imepata mkurugenzi mpya, Bwana Prescott, aliyetoka kampuni ya soda. Treni ya mbao, ile ya burudani inayopanda juu na kuporomoka kwa kasi, ilikuwa na mafundi tisa, ametubakiza watatu.

Jumamosi asubuhi nilikuta ubao umepasuka chini ya reli, pale kwenye mteremko mkubwa. Nikakataa kutia saini karatasi ya kuruhusu treni iondoke.

"Lorna, watu wamejaa kwenye foleni," akasema Bwana Prescott. "Tia saini, au nipe funguo zangu."

Nikampa. Kisha nikaenda kuwaambia watu ukweli. Mbele kabisa alikuwa Bi Hattie, yule mama asiyekosa siku ya ufunguzi wa msimu tangu tukiwa wadogo.

"Mwanangu, wewe ungepanda?"

"Nisingepanda, mama."

Akaketi palepale mlangoni, mkongojo magotini. Wengine nao wakaketi nyuma yake, hakuna aliyepanda.

Leo ubao umebadilishwa. Mimi bado sijaitwa kazini. Mama yetu anadhani niko likizo, tafadhali usimwambie.

Dada yako akupendaye,
Lorna