Mita Tatu na Thelathini

Kwako Pacha, rafiki niliyekufanya ndugu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vigae nilivyobandika tangu mwaka uanze, na unajua vigae vyangu navihesabu. Natumaini wewe na shemeji mnaendelea vizuri, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha. Huku sisi ni wazima wa mwili. Mwanangu ameanza darasa la kwanza na tayari ananisahihisha mwandiko. Mgongo unauma, lakini huo ni wa kuzoea kwa mtu anayekula kwa kupiga magoti.

Barua yako nimeipata. Umesema utakuja mwisho wa mwezi kumchukua baba yako, karakana yake ya uchomeleaji itafutiwe mpangaji na mashine zake ziuzwe. Umenishukuru kwa kumwangalia, ukasema hata wewe mwenyewe usingefanya zaidi. Nilipofika mstari huo nilikunja barua nikaitia kwenye kabati la vyombo, na kwa siku tatu nilikuwa nikichukua vikombe bila kuitazama. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kwa maneno mazuri, nami ningepata mwanya wa kunyamaza. Nimeshanyamaza vya kutosha.

Wewe habari umezipata juu juu, kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo.

Mtaani kwetu waliamua kwamba kila Jumamosi mwenye ujuzi aje autumie kwa faida ya wote, bila malipo. Mwenyekiti alikuwa yule mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele. Msusi akajitolea kuwasuka na kuwanyoa wagonjwa wasio na ndugu, fundi mpaka rangi akapewa kuta za zahanati. Mimi nilichelewa kidogo kufika kikaoni, na nilipotazama orodha nikakuta nimeandikwa upande wa chai. Pacha, nina miaka kumi na sita katika kazi hii. Nilianza na mwiko wa kuazima, hakuna aliyenifundisha, na leo nimeshamaliza sakafu mia nne na kumi na mbili. Nikasimama nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kuonja chai yangu. Wakacheka. Mpaka rangi akadakia kwamba hata huko jikoni nitafaa, maana vikombe vitapangwa kwa mistari iliyonyooka.

Aliyenitetea ni baba yako. Alisimama taratibu kama anavyosimama, akasema anayetaka kucheka aende kwanza bafu za sokoni, amwage ndoo ya maji popote anapotaka, atazame kama maji hayajui pa kutokea. Alisema sakafu ile ni yangu, na kwamba mtu anayeweza kuyafundisha maji njia hawezi kupotezwa kwenye birika. Tangu siku ile nikawa msimamizi wa vipimo, na kazi ya kwanza ikawa ule mteremko wa zahanati, wa kupandishia viti vya magurudumu na vitanda vya wajawazito.

Naomba nikiri kwamba nililewa. Muashi alitaka mteremko wa mita moja na nusu, kwa kukadiria kwa jicho. Nikamwambia kizingiti kina sentimita ishirini na tano, kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele, basi ni mita tatu kamili na hakuna mjadala. Alinuna, ila alijenga mita tatu. Nikawatangazia wote kwamba katika miaka kumi na sita hakuna nambari yangu iliyowahi kurudi kwa kosa. Nililisema hilo mara mbili, kusudi mpaka rangi alisikie.

Baba yako akachukua kazi ya reli, zile bomba mbili za kushikia pande zote za mteremko, zinazoingia kati ya nguzo ya juu na nguzo ya chini, zilizosimama nje kidogo ya mteremko wenyewe. Mimi ndiye niliyepima nafasi ya nguzo kwa nguzo. Nikampelekea kipimo kwa mdomo, nikiwa napita, naye akakiandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa karakana. Alitoa bomba zake mwenyewe. Wiki tatu alichomelea na kusugua. Nilimkuta siku moja amefumba macho anapitisha kiganja juu ya maungio, akaniambia mjamzito akishikwa na uchungu hukamata chuma kwa nguvu zote, kwa hiyo hapo hapatakiwi hata punje ya kumkwaruza.

Siku ya kufunga reli watu walijaa. Zilibebwa na watu wawili kila moja. Zilipowekwa, hazikuingia. Zilikuwa zimezidi sentimita kumi, zote mbili. Baba yako akasema yeye amekata mita tatu na arobaini, kama alivyoambiwa. Chaki mlangoni ilikuwa imeshafutika siku nyingi. Mwenyekiti akanigeukia, akasema msimamizi wa vipimo ana daftari, daftari liamue.

Nilifungua daftari mbele ya watu wote. Nikatazama. Nikasema mita tatu na thelathini.

Hakubisha. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo, kwamba hakubisha hata kidogo. Alinitazama, akatazama reli, akasema basi huenda alisikia thelathini akaandika arobaini, au aliandika vizuri akasoma vibaya. Umri nao una mambo yake. Akaomba radhi kwa kuwapotezea watu Jumamosi yao. Muashi akamtania kwa lile jina lake la karakana, kwamba sasa Mzee Cheche cheche zimemwingia machoni. Watu wakacheka kwa upole, ule upole wa kumcheka mtu mliyekwisha kumtoa kwenye hesabu. Baba yako alikataa kuwasha mashine pale mbele za watu. Aliingiza barakoa yake ya kuchomelea kwenye mfuko, akaenda nyumbani kwa miguu. Reli zilikatwa na kuungwa na fundi kutoka mtaa wa pili, na maungio yake yana vinundu. Kila nikipita hapo mkono wangu unavipata.

Mengine unayajua. Aliacha kazi. Alisema anayechomelea bila kujiamini atamtoa mtu roho, akarudisha oda za wateja. Usilojua ni hili. Mwezi wa pili baada ya hapo nilimpeleka kwa mpima macho. Akasomeshwa herufi, akamulikwa taa, na mwisho tukaambiwa macho ni mazima, ila avae miwani ya kusomea tu kama wazee wote. Mimi nilifurahi, nikadhani yameisha. Tukiwa njiani kurudi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba afadhali wangesema ni macho. Kama macho ni mazima, basi kilichoharibika ni kichwa. Alisema baba yake mzazi alimaliza miaka yake ya mwisho akiwauliza wanawe wao ni nani, na sasa anaona zamu imemfikia. Akaniomba nisikwambie. Ndipo ulipompigia simu, naye akakubali haraka haraka kuhama, ukashangaa ubishi wake umekwenda wapi.

Sasa sikiliza, Pacha.

Daftari halikuandikwa mita tatu na thelathini. Liliandikwa mita tatu na arobaini, kwa mwandiko wangu. Tepu yangu ya kupimia ncha yake imekatika zamani. Mafundi wengi tunazo za namna hiyo, na hatuzitupi; tunaanzia kumi badala ya sifuri, kisha mwishoni tunatoa kumi. Nimefanya hivyo maelfu ya mara. Siku ile nilipima huku nabishana na muashi, nikasahau kutoa. Baba yako alisikia arobaini kwa sababu nilimwambia arobaini. Alikata arobaini bila kukosea hata unywele.

Nami nililijua hilo palepale daftari likiwa wazi mkononi. Sikuhitaji dakika moja. Niliona arobaini, nikaona watu wote, nikamwona mpaka rangi ameegemea nguzo, nikasikia kabla hawajasema watakavyonirudisha kwenye chai. Hesabu niliyopiga pale ilikuwa kwamba yeye ana miaka hamsini ya jina zuri na halitapungua kitu kwa kosa moja, ila langu ndilo jipya. Hiyo ndiyo hesabu mbovu kuliko zote nilizowahi kupiga, na niliipiga kwa makusudi. Kisha miezi minne nikampelekea supu kila Jumamosi, na mtaa mzima ukanisifu kwa moyo wa kujitolea, nami nikapokea sifa.

Hayo niliyaandika jana. Nilipomaliza niliona ni uoga mwingine kukwambia wewe uliye mbali na kumwacha yeye aliye karibu. Kwa hiyo leo asubuhi nimeichukua barua pamoja na daftari nikaenda kwake. Nilianza kumsomea, akaninyang'anya. Akavaa miwani akasoma mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa. Akafungua daftari akaitazama ile arobaini kwa muda mrefu sana.

Hakunitukana, ningefarijika kama angenitukana. Alisema miezi minne hii, kila akitoka, amekuwa akirudi mara tatu kukagua kufuli alilolifunga mwenyewe. Amekuwa akiandika majina ya wajukuu wake kwenye karatasi kila asubuhi, aone kama bado anayo. Alisema amemlinda mwendawazimu usiku na mchana, kumbe nyumbani hapakuwa na mwendawazimu. Kisha akasema uongo niliusema mbele za watu, basi na ukweli nikauseme mbele za watu, na nisimame palepale pa siku ile. Itakuwa Jumamosi hii. Nimekwisha kumwarifu mwenyekiti kwamba nina neno. Baba yako hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

Kwako pia siombi msamaha kwa barua. Ukija utanikuta, na utasema utakalo. Naomba jambo moja tu: mashine usizitafutie mnunuzi, maana nilipokuwa natoka alikuwa ameshachutama mbele ya ile kubwa, anapuliza vumbi kwenye nyaya.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto kwa niaba yangu. Baba yako naye anakusalimu. Amesema mwisho wa mwezi uje kama ulivyopanga, ila uje kutembea.

Ni mimi,
Pacha wako, kama bado nafaa kuitwa hivyo.